Usifute Faili Hiyo, Mwalimu

Msomaji wa Umoja, Nairobi, ameniuliza hivi: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na wikendi ninauza nafaka kibandani karibu na nyumbani. Januari 2025 nilianza kuweka hesabu zangu kwa programu ya kompyuta iitwayo GnuCash. Mpaka Machi nilikuwa nikiandika kwa mkono jumla ya mauzo ya M-Pesa kila wikendi ikiisha. Mwezi huu wa saba mpwa wangu akanionyesha namna ya kuingiza stetimenti ya M-Pesa ya miezi sita kwa mpigo. Sasa kufikia tarehe 30 Juni programu inasema nina 61,340, ilhali stetimenti inasema 18,215. Kuna pia akaunti iitwayo Imbalance-KES, sikuifungua mimi, na imejaa pesa. Mapato nayo yanaonekana makubwa kuliko mauzo yangu. Juzi Jumamosi stima ilipotea nikiwa ndani ya programu, betri ya laptopu ilishakufa zamani, na sasa nikifungua inaniambia faili imefungwa. Nifute kila kitu nianze upya?"

Usifute, Mwalimu. Nimetanguliza hilo kwa sababu nilishafuta. Nilipokuwa mweka hazina wa chama chetu Buruburu, hesabu za mwaka zilikataa kulingana kwa shilingi 800. Nikachoka, nikaanza faili mpya, nikaweka salio la siku ile na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Miezi mitatu baadaye mama mmoja akauliza mchango wake wa mwezi wa tano uko wapi. Mchango wenyewe ulikuwa shilingi 800. Ile tofauti niliyoitupa ilikuwa pesa yake, na mimi sikuwa tena na mahali pa kumwonyesha kwamba aliitoa. Tangu siku hiyo naichukulia tofauti katika hesabu kama nyayo: zinaelekea mahali fulani, na kazi yangu ni kuzifuata.

Tuanze na mlango, maana bila kuingia ndani hatutatengeneza kitu.

GnuCash ikifungua faili, huweka kando yake kijifaili chenye jina lilelile na mwisho wa .LCK. Ni kibao cha mlangoni kinachosema kuna mtu ndani. Ukiifunga programu vizuri, kibao kinaondolewa. Stima ikipotea ghafla, kibao kinabaki na ndani hakuna mtu. Kwa hiyo kwanza muulize mpwa wako kama hajaifungua faili hiyohiyo kwenye kompyuta yake kupitia folda mnayoshiriki. Watu wawili wakiandika kwenye faili moja, anayehifadhi mwisho hufuta kazi ya mwenzake, na hakuna kengele itakayolia. Akisema hapana, nakili folda nzima kwenye flashi, kisha ufungue programu na katika yale machaguo inayokupa, bofya Open Anyway. Kama bado una wasiwasi, anza na Open Read-Only utazame tu.

Ndani ya folda hiyo utakuta mafaili mengi yenye namba ndefu kwenye majina yao. Usiogope wingi wake. Namba kama 20250712193005 husomwa kuanzia kushoto: mwaka 2025, mwezi wa 7, tarehe 12, saa 19, dakika 30, sekunde 5. Yaani Jumamosi hiyo saa moja na nusu usiku. Yale yanayoishia na .gnucash ni nakala za hesabu zako kama zilivyokuwa wakati huo. Yanayoishia na .log ni kumbukumbu ya mabadiliko ya miamala uliyofanya tangu faili ilipofunguliwa au kuhifadhiwa mara ya mwisho. Kwa kawaida programu hujihifadhi yenyewe kila baada ya dakika 5, kwa hiyo huenda hukupoteza chochote. Ukikuta kazi ya jioni ile haipo, fungua nakala inayolingana na wakati ambapo .log hiyo ilianza, nenda kwenye menyu ya File, Import, halafu uchague kazi ya kurudia faili ya .log. Ifanye mara moja tu, kisha ukague miamala ya mwisho. Nakala hizi huwekwa kwa siku 30 tu, baadaye huondolewa, na ndiyo sababu nimekuambia unakili folda leo.

Sasa tuje kwenye pesa. Barua yako ina matatizo mawili yaliyofungwa kitambaa kimoja, na ukiyachanganya utahangaika bure. La kwanza: salio la akaunti ya M-Pesa si sahihi. La pili: upande wa pili wa miamala haujulikani au umeandikwa vibaya. Imbalance-KES na mapato makubwa ni la pili hilo. Unaweza kuipangusa Imbalance-KES yote mpaka ibaki sifuri na M-Pesa bado isome 61,340.

Sababu ni hii. Programu hii huandika kila muamala pande mbili: pesa imetoka hapa, imeingia pale. Ni utaratibu ambao mtawa Luca Pacioli aliueleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, na wafanyabiashara wa huko walikuwa wakiutumia hata kabla yake. Ukiingiza mstari wa stetimenti unaosema shilingi 500 zimeingia M-Pesa bila kusema zimetoka wapi, programu haikubali kuuacha na mguu mmoja. Hufungua akaunti ya muda, ikaiita Imbalance, ikaongeza KES ya shilingi yetu, na kuegemeza mguu wa pili huko. Kila shilingi iliyomo inangoja uitaje jina.

Turudi kwenye salio. Tofauti yako ni 61,340 kutoa 18,215, yaani 43,125. Kabla sijagusa daftari, huwa naipima namba yenyewe. Igawe kwa mbili: inakuja 21,562 na senti 50. Kama muamala mmoja ungeandikwa kuingia badala ya kutoka, tofauti ingekuwa mara mbili ya muamala huo, na wewe hulipi ndengu kwa senti 50. Igawe kwa tisa: haigawiki. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, 540 ikaandikwa 450, tofauti daima hugawika kwa tisa. Basi hapa hakuna kosa moja dogo. Kuna mrundiko.

Mrundiko nao una umbo lake. Tofauti ikiwa ileile tangu siku ya kwanza, umekosea salio la kuanzia. Ikiruka siku moja kisha ikatulia, kuna muamala mmoja mkubwa uliorudiwa au ulioachwa. Ikikua kidogokidogo, ni ada za M-Pesa zilizosahauliwa, au kitu kinachojirudia kila wiki. Yako, nikisoma maelezo yako, nabashiri imekua hatua kwa hatua kuanzia Januari mpaka mwisho wa Machi, kisha ikanyooka mpaka Juni. Utajua kwa kulinganisha safu ya salio ya stetimenti na ya daftari la GnuCash. Linganisha salio la mwisho wa siku peke yake. Katikati ya siku mistari haifuati mpangilio mmoja, maana stetimenti ina saa na dakika ilhali daftari la GnuCash linajali tarehe tu. Anza na 31 Machi, siyo Januari mosi. Zikipishana hapo, rudi katikati ya Januari na Machi. Zikilingana, sogea mbele. Januari mpaka Juni ni siku 181, na kwa kugawa nusu kwa nusu hivyo utaifikia siku ya kwanza iliyoharibika kwa kutazama mara nane tu. Nimeona watu wakikesha wakipitia mistari 600 mmoja mmoja, na inaniuma, kwa sababu jibu lilikuwa umbali wa dakika kumi.

Kwa nini nabashiri Machi? Kwa sababu mpaka wakati huo ulikuwa ukiandika jumla ya wikendi kwa mkono. Tuseme wikendi moja wateja saba walikulipa 3,300 kwa jumla, ukaandika mstari mmoja wa 3,300. Stetimenti ilipoingia mwezi huu ikaleta mistari saba: 450, 600, 240 na kadhalika. Programu hujaribu kutambua miamala iliyorudiwa, lakini hutazama kiasi na tarehe. Itajuaje kwamba 3,300 yako ndiyo hiyo mistari saba? Ikaiongeza yote. Januari hadi Machi ina wikendi 13, na 43,125 ukiigawa kwa 13 unapata takriban 3,317 kwa wikendi. Wewe unakijua kibanda chako. Niambie kama namba hiyo haifanani na mauzo yako ya M-Pesa ya siku mbili.

Uthibitisho ni rahisi. Katika daftari la M-Pesa kuna safu nyembamba yenye kichwa R. Muamala ulioandika kwa mkono una herufi n hapo. Ulioingizwa kutoka stetimenti una c. Tazama chini kabisa ya dirisha, kuna mstari wa masalio, na mojawapo limeandikwa Cleared. Hiyo ni jumla ya vile vya c pekee, na vya y, yaani vilivyokwisha kupatanishwa, kama vipo. Ijumlishe na salio lako la kuanzia, ambalo nalo huwa n. Ukipata 18,215, umemkamata mwizi wa usingizi wako: mistari ya stetimenti yote ni sahihi, na kilichozidi ni ile ya mkono. Usipopata 18,215 kamili, kilichobaki kitafute kwa ile njia ya nusu kwa nusu. Hapo kitakuwa kitu kidogo.

Kuitoa mistari ya mkono, fungua menyu ya View, Filter By, halafu Status, ubakishe Unreconciled peke yake, yaani zile za n. Itabaki orodha fupi. Acha salio la kuanzia. Zilizobaki usizifute; zibatilishe kwa Void Transaction kwenye menyu ya Transaction. Programu itakuuliza sababu, nawe andika: imerudiwa, ipo kwenye stetimenti. Kiasi kitakuwa sifuri lakini mstari utabaki pale na maelezo yake, na mwaka ujao ukijiuliza kulitokea nini utajisomea mwenyewe. Halafu ondoa kichujio ili uone daftari zima tena.

Mara tu ukifanya hivyo, mapato nayo yatashuka, kwa kuwa kila mstari wa mkono ulikuwa na mguu wake wa pili kwenye Mauzo. Usishtuke. Mauzo halisi ya wikendi hizo yamelala Imbalance-KES, mteja mmoja mmoja, yakingoja jina. Fungua akaunti hiyo na uipange kwa maelezo kupitia Sort By. Malipo ya mtu mmoja yatakaa pamoja. Kila mstari, badilisha Imbalance-KES uweke akaunti yake: Mauzo, Ununuzi wa bidhaa, Nauli, Chakula cha nyumbani. Ni kazi ya jioni mbili tatu. Ungeweza kuifanya haraka zaidi wakati wa kuingiza, pale kwenye orodha ya miamala kabla ya kukubali, kwa sababu hapo unachagua mistari mingi kwa pamoja, na programu hukariri maneno ya maelezo ili mwezi ujao ikupendekezee yenyewe. Ila ikikariri vibaya hung'ang'ania. Kama anayekuuzia ndengu ndiye pia shemeji unayemtumia pesa ya harusi, itamweka kwenye ununuzi kila mara. Yaliyokaririwa hurekebishwa kwenye Import Map Editor, menyu ya Tools.

Sasa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaojazia salio lako lisipotosha. Hukuitaja, lakini mapato kuzidi mauzo kunanifanya niiulize, na sehemu hii ndiyo ninayotaka uisome mara mbili.

Chukua muamala mmoja. Una shilingi 300 kwenye simu, na muuzaji wa maharagwe anadai 2,000. Tuseme ada ya kutuma ni 33. Unahitaji 2,033, Fuliza inakuongezea 1,733. Kwenye stetimenti utaona mistari mitatu: 1,733 zimeingia, zikielezwa kama OverDraft, 2,000 zimetoka, 33 zimetoka. Salio sifuri. Kesho yake mteja anakulipa 900, na hapohapo 900 zinatoka kulipia Fuliza. Ukiitazama safu ya pesa zilizoingia, unaona 1,733 na 900, na mkono wa haraka unaziandika zote mapato. Salio la M-Pesa litalingana kabisa na simu! Hakuna kitakachopiga kelele. Lakini umeandika deni kama mauzo, na malipo ya deni kama matumizi, na kibanda kitaonekana kinashamiri mwezi uleule ulioishiwa.

Fungua akaunti chini ya Madeni, iite Fuliza. Pesa ya OverDraft ikiingia M-Pesa, mguu wa pili uweke huko. Ikilipwa, huko pia. Utaona mwishoni umelipa zaidi ya ulivyokopa, kwa sababu ada ya kuifungua ya asilimia 1 na ile ya kila siku hukatwa ndani ya malipo, huoni mstari wake peke yake. Siku deni linapoisha, hiyo ziada ihamishie Gharama, Ada za Fuliza. Ndipo utajua kukopa kwa siku tatu tatu kumekugharimu kiasi gani tangu Januari. Wengi niliokaa nao wakaiona namba hiyo kwa mara ya kwanza walinyamaza kwanza kabla ya kusema lolote.

Na lina uzito mwingine. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya mauzo kwa biashara ndogo kuwa asilimia 3 ya mauzo ghafi, kwa anayeuza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Kibanda cha wikendi kama chako kiko chini ya hapo, lakini kikikua, kila Fuliza uliyoiita mauzo itakusogeza kwenye kodi ya pesa ambayo hukuipata.

Pesa unayohamishia M-Shwari, kibubu au chama ni yako bado. Iandike kama uhamisho kutoka akaunti moja ya mali kwenda nyingine, isiingie matumizi.

Mwezi ujao ukiingiza stetimenti, iandae kwanza. Huja kama PDF yenye nywila. Iondoe nywila kwa programu ya qpdf, kisha utoe jedwali kwa Tabula. Zote ni huria na hufanya kazi ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Tafadhali usiipandishe kwenye tovuti za kugeuza PDF, maana mle mna majina ya wateja wako na kila mahali ulipolipa. Ukishapata CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, ifungue kwa LibreOffice Calc, kata saa ibaki tarehe, na uangalie mambo mawili kwa makini. Tarehe 05/03/2025 ni Machi 5. Ukichagua mpangilio usio sahihi wakati wa kuingiza, itakuwa Mei 3 na salio la siku halitalingana hata kidogo. Halafu safu ya pesa zilizotoka: tazama kama namba zake tayari zina alama ya kutoa. Kama zinayo, zichukulie kama kiasi cha kawaida. Ukiiambia programu izigeuze alama tena, kila ulicholipa kitaingia kama ulichopokea. Ingiza mistari mitano tu kwanza, linganisha salio, kisha ulete iliyobaki. Na kwa kuwa stetimenti huleta ada kwenye mstari wake, acha kuandika ada kwa mkono kutoka kwenye ujumbe wa simu.

Kisha upatanishe. Kwenye menyu ya Actions chagua Reconcile, andika tarehe ya mwisho wa mwezi na salio la stetimenti, weka alama kwenye kila mstari unaouona pande zote mbili, mpaka tofauti isome 0.00. Ukibofya kumaliza, zile c zinageuka y, na mtu akigusa muamala huo baadaye programu itamwonya. Anza na Januari peke yake. Ikikubali, nenda Februari. Usipatanishe miezi sita kwa pamoja. Ndivyo makosa mawili ya miezi tofauti yanavyofichana.

Kwa mauzo ya taslimu hukusema unayaandika wapi. Kama zile jumla za wikendi zilichanganya noti na M-Pesa, usizibatilishe kabla hujatenganisha. Fungua akaunti ya Taslimu, rekebisha kila mojawapo ya zile 13 ibaki na noti tu, uihamishie huko. Nitumie namba ya Cleared utakayoiona, na salio lako la Januari mosi, tuendelee kutoka hapo.